Imani, Amana na Amani: Maneno ya Pasaka katika Kiswahili

Katika maziko ya mtoto mmoja, mwalimu wa kanisa alisoma sura ya kumi na tano ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, kama ilivyo desturi ya makanisa mengi katika nchi zetu. Alisoma vema, kwa sauti isiyotetemeka, na kila alipolifikia neno kiyama alilikaza kidogo, ili watu wapate tumaini. Watu walipokwisha tawanyika, bibi yake yule mtoto, mzee aliyekulia pwani, alimkaribia akamwuliza, "Mwalimu, mwanangu, hicho kiyama ulichotusomea, ni siku ya kurudishiwa mtoto wetu, au ni siku ya hesabu?" Mwalimu akajibu, "Ni yote mawili, bibi." Yule mzee akaitikia, "Haya, nimesikia," akaenda zake. Lakini sisi tuliokuwa karibu tuliona ya kuwa jibu lile halikumtua mzigo.

Swali lile ni swali la imani, lakini kwanza ni swali la lugha. Mtu mwenye msiba hana nafasi ya kuchagua maneno. Hupokea yale anayopewa, na neno moja likiwa na nyuso mbili, atauona ule uso alioufahamu tangu utoto wake. Kwa hiyo yafaa tuyapime maneno ambayo kwayo habari ya Pasaka imeingia katika Kiswahili, tuone ni yapi yanayoleta amani, ni yapi yanayoizuia njiani, na ni yapi tuliyo nayo tayari wala hatuyatumii. Hatusemi haya kwa kuwadharau wafasiri. Waliofanya kazi ile walilima shamba ambalo halijalimwa, na sisi tunakula mavuno yao. Lakini shamba jema hupaliliwa.

Msomaji na akumbuke kwa ufupi vitabu tunavyovisema. Agano Jipya la Steere, kwa Kiswahili cha Unguja, lilitoka kamili mwaka 1883, baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1882; na Biblia nzima kwa lugha hiyo ikafuata mwaka 1891. Mombasa nao walipata Biblia yao mwaka 1914. Karl Roehl, Mjerumani aliyekaa miaka mingi katika Usambara, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuyaweka ya Kibantu mahali pake. Mwisho ikaja tafsiri ya Muungano, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ambayo mpaka leo ndiyo isomwayo na wengi katika makanisa ya Kiprotestanti.

I. Kiyama na ufufuo

Kiyama ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni kusimama: waliolala wanasimama. Katika jambo hili halina tofauti na neno la Kiyunani, anastasis, ambalo nalo asili yake ni kusimama. Mtu akilipima neno kwa asili yake tu, atasema ya kuwa mfasiri hakukosea hata kidogo. Lakini neno halisemi kwa asili yake tu. Lasema pia kwa kazi iliyofanya vinywani mwa watu siku nyingi. Kabla Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844, na kabla Steere hajafika Unguja mwaka 1864, kiyama kilikuwa kimekwisha pata makao yake katika pwani yote: ni siku ya mwisho, siku ya mizani na hesabu, siku ambayo kila mtu atasimama peke yake. Na mtu akitaka kusema ya kwamba jambo fulani halitakuwa kamwe, husema halitakuwa hata kiyama. Basi ni neno la kicho, tena ni neno la mbali. Kicho ni chema mahali pake. Lakini neno la mbali halimfai mtu anayelia leo.

Fufua na fufuka ni maneno ya namna nyingine. Hayakuja kwa merikebu. Ni ya nyumbani. Msemaji wa Kiswahili husikia ndani yake lile -fu la mfu na wafu, kisha husikia ule mwisho wa -ua na -uka ambao kazi yake ni kutangua lililotendwa: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kufumba na kufumbua. Kwa hiyo masikioni mwetu kufufuka ni kufa kulikotanguliwa, kama fundo lililofungwa likafunguliwa. Kiyunani hakina picha hii. Kina picha ya kuamka na picha ya kusimama. Lakini hakitaji mauti ndani ya neno lenyewe na kuyatangua papo hapo. Hii ni zawadi ambayo lugha yetu imeiletea Injili, wala haikuiazima kwa mtu.

Katika majina yaliyotoka hapo, Wakatoliki hupenda kusema ufufuko, na Waprotestanti ufufuo. Watu wengine hudhani ni tofauti ya madhehebu tu. Lakini sarufi ina neno la kusema. Ufufuo watoka katika kufufua, kama ufunuo utokavyo katika kufunua, nao waelekea kwa yule atendaye: Baba amemfufua Mwana. Ufufuko watoka katika kufufuka, nao waelekea kwa yule aliyeinuka: Mwana amefufuka. Maandiko yana yote mawili. Paulo hupenda kusema ya kwamba Mungu alimfufua. Na Yohana, katika sura ya kumi, anaandika ya kuwa Bwana ana uwezo wa kuutoa uhai wake na uwezo wa kuutwaa tena. Basi na tusigombane kwa herufi moja. Kila upande umeshika ncha moja ya kamba ile ile.

Sasa tuiangalie tafsiri ya Muungano. Katika habari ya Lazaro imetumia ufufuo. Katika habari ya Masadukayo imetumia kiyama. Na katika ile sura ya kumi na tano ya Wakorintho, inayosomwa makaburini, wafu kwa jumla wana kiyama, hali Kristo mwenyewe anafufuka. Sidhani kama wafasiri walikusudia kuweka ukuta. Lakini msikilizaji anausikia ukuta: Kristo amepata kufufuka, na sisi tumepata kiyama. Na hili ndilo ambalo Paulo analikana kwa nguvu zake zote katika sura ile ile. Hoja yake yote ni kwamba mambo haya ni jambo moja: kama wafu hawafufuliwi, Kristo naye hakufufuliwa, na kama Kristo amefufuliwa, basi ni malimbuko, na shamba lililotoa malimbuko litatoa na mavuno. Maneno mawili yakitumiwa kwa jambo moja, mnyororo wa hoja hukatika katikati, na mwenye msiba huachwa upande wa pili.

Walakini tusilitupe neno kiyama. Kufufuka nako kuna upungufu wake. Aliyezimia akirudiwa na fahamu, twasema amefufuka. Deni la zamani likidaiwa tena, twasema limefufuliwa. Kufufuka kwa namna hii ni kurudi hali ya kwanza. Lazaro alifufuka hivyo, kisha akafa tena siku yake ilipofika. Lakini Kristo, asema mtume katika waraka kwa Warumi, hafi tena. Basi hapo fufuka peke yake ni dogo mno, nalo lahitaji ule uzito wa kiyama: jambo la mwisho, lisilorudiwa, ambalo baada yake hakuna kufa.

Mfano ulio bora wa maneno haya mawili ni mazungumzo ya Bwana na Martha. Martha ana imani ya kiyama. Anajua ya kuwa ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Amelijifunza, analisadiki, na analisema bila kusita. Lakini imani ile haimfuti machozi, kwa maana siku ya mwisho iko mbali, na kaburi liko karibu. Bwana hamwambii kwamba amekosea. Analichukua jambo lile lililokuwa siku, analifanya kuwa mtu, tena mtu anayesimama mbele yake njiani: ufufuo ni mimi. Hapo ndipo amani inapoanza, kiyama kinapopata uso na jina. Yule mzee wa pwani alikuwa na imani ya Martha, nasi tulimpa jibu ambalo Martha alikuwa nalo tangu mwanzo.

II. Alifufuka na amefufuka

Jambo la pili ni dogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa maana. Paulo anapoutoa ule ushuhuda alioupokea, katika mistari ya tatu na ya nne ya sura ile, anatumia nyakati mbili za Kiyunani. Kristo alikufa, na alizikwa: hizi zimo katika wakati wa jambo lililotendwa likapita. Lakini anapofika kwenye kufufuliwa anabadili wakati, anatumia ule wa jambo lililotendwa ambalo matokeo yake yangaliko. Na katika sura hiyo analirudia umbo hilo tena na tena, kama mtu anayegonga msumari.

Kiswahili kina chombo cha namna hii, tena chombo kizuri. Tukisema mgeni alifika, twasimulia. Pengine amekwisha ondoka. Tukisema mgeni amefika, mama wa nyumba hukimbilia jikoni. Mtoto alilala ni habari ya jana. Mtoto amelala ni sababu ya kupunguza sauti. Ile -li- hufunga jambo katika siku yake, na ile -me- huliacha mlango wazi mpaka sasa. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayehitaji kufundishwa haya.

Lakini katika mstari wa nne tafsiri ya Muungano imeweka nyakati zote tatu sawasawa: alikufa, alizikwa, alifufuka. Tuwatendee haki wafasiri: mstari ule unataja siku ya tatu, na Kiswahili hakipendi sana kuiweka -me- pamoja na siku iliyokwisha tajwa. Walikuwa na sababu. Hata hivyo hasara ipo. Mtu asikiaye hudhani ya kuwa ni matukio matatu yaliyopangwa safu moja, yote yakiwa nyuma yetu kwa umbali ule ule. Nalo la tatu latoweka pamoja na yale mawili. Lakini katika mstari wa ishirini tafsiri inaiachilia -me- ifanye kazi yake: amefufuka. Nami nimeona mara nyingi ya kuwa mstari huo ndio watu wanaouchukua moyoni kutoka kanisani, ijapokuwa hawajui kwa nini. Sababu ni kiungo kile kidogo cha herufi mbili.

Kwa hiyo twawashauri wale wanaohubiri na kutunga maombi. Mkisimulia habari za bustani na kaburi, semeni alifufuka, kama masimulizi yatakavyo. Lakini mkimgeukia mwenye msiba, acheni masimulizi, semeni amefufuka. Mfiwa hahitaji habari ya zamani, hata ikiwa njema; ahitaji kuambiwa mambo yalivyo sasa hivi.

III. Salamu isiyotanguliwa na hodi

Sasa tufike kwenye amani. Yohana asimulia katika sura ya ishirini ya kuwa jioni ya siku ile ya kwanza wanafunzi walikuwa ndani, na milango imefungwa kwa hofu. Bwana akaja akasimama katikati yao, akawasalimu kwa amani. Akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Kisha akawasalimu kwa amani mara ya pili. Baada ya siku nane akaja tena, Tomaso akiwapo, na salamu ikawa ile ile. Mara tatu, basi.

Wazungu wengi waliofasiri mahali hapa wameeleza vizuri asili ya Kiebrania ya salamu hiyo, shalom, ambayo ni ndugu ya salama na salamu zetu kwa upande wa Kiarabu. Hilo twalipokea. Lakini kuna mambo mawili ambayo msomaji wa Kiswahili huyaona upesi kuliko wao, kwa kuwa yamo katika desturi zake.

La kwanza ni hodi. Kwetu mtu haingii nyumbani mwa mtu pasipo kupiga hodi, naye hangoji mlangoni bila kujibiwa karibu. Mlango ukiwa umefungwa, na watu wakiwa na hofu, ndipo hodi inapokuwa na maana zaidi. Kwa maana mwenye kuingia bila hodi ni mwizi au ni adui. Bwana anaingia bila hodi, na hapo wote wangetetemeka. Lakini papo hapo salamu yake yaondoa shaka ya kuja kwake. Amani hii si maneno ya adabu ya kuanzia mazungumzo. Ni jibu la swali ambalo kila aliyekuwamo chumbani aliliuliza moyoni: umekuja kwa heri au kwa shari? Nao walikuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa siku tatu kabla ya hapo walikuwa wamemkimbia.

La pili ni utaratibu wa kujuliana hali. Mtu wa kwetu akiulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza njema, au salama, hata kama nyumba ina mgonjwa, kisha baada ya kitambo husema, "Njema, ila mtoto hawezi." Wageni wengine wamelicheka jambo hili, wakadhani ni uongo wa adabu. Si uongo. Ni kusema ya kwamba jeraha lipo, lakini jeraha silo neno la kwanza, wala halina mamlaka juu ya mengine yote. Tazama basi utaratibu wa Bwana: kwanza amani, kisha majeraha, kisha amani tena. Hakuyaficha majeraha ili amani ipate kukaa, wala hakuyatanguliza mpaka amani ikakosa nafasi. Mhubiri anayewaambia wafiwa wasilie, kwa kuwa Kristo ameshinda, ameyaficha majeraha. Mhubiri anayehesabu uchungu tangu mwanzo hata mwisho, naye amesahau salamu. Bibi yeyote wa Kiswahili anayejibu "njema, ila" ameifahamu sura hii kuliko wote wawili.

IV. Utengemano wa Roehl

Hapa yatupasa tuikabili kazi ya Roehl. Wengi wameilaumu, na pengine wameilaumu kupita kiasi. Mahali pa amani aliweka utengemano, na mahali pa kuamini aliweka kutegemea. Watu wa pwani walishangaa. Wengine wakasema hiki si Kiswahili bali ni lugha ya bara iliyovikwa kanzu ya Kiswahili.

Mimi nasema ya kuwa katika maneno hayo mawili kuna hekima ambayo haikustahili kutupwa. Amani, kwa asili yake, ni usalama wa mtu aliyekuwa hatarini: adui akimpa mtu amani, maana yake hatamwua. Ni kuondolewa hofu. Lakini shalom ya Waebrania ni zaidi ya kuondolewa hofu. Ni mambo kuwa kamili, kila kitu mahali pake. Na kutengemaa ndiko huko hasa: nyumba iliyotengemaa, nchi iliyotengemaa, mgonjwa aliyetengemaa baada ya homa. Kadhalika kutegemea ni picha ya mwili: mzee anategemea fimbo yake, boriti inategemea nguzo. Kuamini kwaweza kukaa kichwani. Kutegemea hakuwezi, kwa kuwa anayetegemea ameuachilia uzito wake, na nguzo ikiondoka ataanguka. Anayetaka kueleza imani ya Tomaso kwa watoto hatapata neno bora.

Basi kosa la Roehl lilikuwa nini? Si kwamba maneno yake ni mabaya. Kosa lake ni kwamba, alipoyang'oa yale ya zamani, hakuona ya kuwa mizizi yao imefungamana chini ya ardhi. Imani, amini, mwaminifu, muumini, amani, amana: haya yote yatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania uliotuletea amina tunayoitikia mwisho wa kila sala. Katika Kiyunani cha Agano Jipya neno la imani na neno la amani hayana udugu wowote; mfasiri wa Ulaya hawezi kuyaonyesha kuwa jamaa hata akijitahidi namna gani. Kiswahili kimeyapokea kama watoto wa mama mmoja. Tena pwani imani ina maana nyingine juu ya ile: mtu asiye na imani ni mtu asiye na huruma. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Bwana alimjia Tomaso kwa imani, mzee wa pwani husikia ya kuwa alimjia kwa huruma. Nalo ni kweli tupu. Roehl, kwa kutaka kuitakasa lugha, aliitawanya jamaa hii, kila mmoja akaenda njia yake.

V. Ndugu aliyesahauliwa

Katika jamaa hiyo yuko ndugu mmoja ambaye wahubiri wetu wamemsahau, ijapokuwa tafsiri ya Muungano imempa nafasi; naye ni amana.

Amana kila mtu aijua. Mtu akisafiri, humwekea jirani mali yake: fedha, au kisanduku, au nguo za arusi. Mwenye kupokea amana haifanyi kuwa yake, wala haitumii. Mwenyewe akirudi, hata baada ya miaka, hurudishiwa kile alichokiweka. Aila amana ni aibu kuliko aibu ya mwizi, kwa kuwa mwizi hakuaminiwa. Na yule msafiri, huko aliko, halali macho wazi kwa ajili ya kisanduku chake, ikiwa amemjua aliyempa. Hapo ndugu watatu wanakutana: kwa imani ameweka amana, na kwa sababu ya amana ana amani.

Paulo katika waraka wa pili kwa Timotheo, anapokingoja kifo, anasema ya kwamba anamjua yeye aliyemwamini, na ya kuwa yule aweza kulinda alichowekewa mpaka siku ile. Muungano imeweka hapo neno amana, na imefanya vema kabisa. Waraka wa kwanza wa Petro unawaambia wanaoteswa wamkabidhi Muumba roho zao. Hapo pia Muungano imeweka amana. Lakini iko sehemu ya tatu, iliyo kubwa kuliko hizo mbili. Katika Injili ya Luka, Bwana msalabani anaiweka roho yake mikononi mwa Baba, kwa maneno ya zaburi ya thelathini na moja. Kitenzi cha Kiyunani alichotumia Luka ni kile kile cha Petro, na jina la amana katika waraka kwa Timotheo latoka katika kitenzi hicho. Basi msalabani Bwana hakuweka tu, aliweka amana. Muungano imesema anaiweka, ikaishia hapo. Neno si la kosa, lakini mlango uliokuwa wazi umerudishwa nusu.

Kama mfasiri angaliongeza neno lile moja, msomaji wa Kiswahili angaliiona Pasaka yote kwa mtazamo mmoja. Siku ya Ijumaa Mwana anaweka amana. Siku ya Sabato kumenyamaza kimya, kama nyumba ya jirani inyamazavyo hali kisanduku kimo ndani. Siku ya tatu amana inarudishwa, tena inarudishwa kamili, na zaidi ya kamili. Kwa hiyo kufufuka kwa Kristo si ajabu tu ya kustaajabiwa. Ni ushahidi kwamba Yule apokeaye amana si mla amana. Mtu mmoja amemwekea kitu cha thamani kuliko vyote, naye amekirudisha. Sisi wengine twaweza kuweka vyetu.

Na hapa ndipo imani na amani zinapotofautiana na ujasiri wa kujikaza. Watu husema, "Jikaze, mwanamke," au, "Sote njia moja." Maneno haya ni ya wema, lakini yanamwachia mfiwa mzigo mikononi, yakimwagiza tu aushike vizuri. Amana ni kinyume chake: ni kuutoa mzigo mikononi mwako na kuutia katika mikono ya mwingine. Mikono yako inabaki mitupu, nayo yauma kwa kuwa mitupu, lakini hukupoteza. Aliyepoteza hajui mali yake iko wapi. Aliyeweka amana anajua.

Basi nikirudi kwenye maziko yale, naona ya kuwa mwalimu hakumjibu yule mzee kwa uongo. Lakini alimjibu kwa neno lililo mbali, hali neno lililo karibu lilikuwa nyumbani mwa mzee mwenyewe. Majuma machache baadaye mwalimu yule alikwenda kumjulia hali, nami nilikuwa pamoja naye. Alipiga hodi, akakaribishwa, akauliza habari. Mzee akasema, "Njema, mwanangu, ila nyumba imenyamaza." Mwalimu akakaa kitambo, kisha akasema, "Bibi, siku ile hukupoteza mtoto. Uliweka amana." Mzee hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza, kama mtu anayejua biashara, "Na huyo niliyemwekea, amepata kuirudisha amana ya mtu?" Mwalimu akasema, "Ya Mwanawe mwenyewe, siku ya tatu." Yule mzee akaitikia, "Kama ni hivyo, nitangoja," akaondoka kwenda kututengenezea chai.